Hodi Kwenye Bomba

Katika nyumba ya Usta Yadollah mabomba yalikuwa yanasema. Wala si mzaha. Kila mwanzo wa baridi, kabla theluji ya mlima Alvand haijashuka mitaani Hamadan, Usta alikuwa akiteremka chumba cha chini ya nyumba, penye boila, na mkewe Eshrat akipanda ghorofani na bakuli, kitambaa na kijiko. Mume chini anafungulia maji. Mke juu analegeza skrubu ya rejeta, zile rejeta za chuma za ukutani ambazo maji ya moto hupita ndani yake na kupasha chumba, ili hewa iliyonasa humo itoke. Hewa ikiisha na skrubu ikaanza kutema maji, Eshrat anagonga bomba kwa kijiko: ko! Maana yake, yamefika. Akigonga mara mbili, maana yake, funga basi mwanamume wewe, unanilowesha. Na Usta anajibu kwa spana kutoka chini, ko! Nimesikia.

Eshrat alikufa msimu wa makomamanga, mwaka juzi. Tangu hapo mabomba yalinyamaza, na Usta Yadollah, fundi aliyefunga rejeta katika nusu ya nyumba za Hamadan, akawa anaishi katika nyumba yenye baridi kuliko ya mteja wake yeyote. Aibu iliyoje! Fundi wa joto anakunywa chai na koti mwilini.

Baridi yenyewe angeivumilia, maana alikuwa mtu wa kujikaza kisabuni. Lakini binti yake wa pekee, Mahrokh, aliyeolewa Tehran, alikuwa na masikio makali, na wiki iliyopita alimshika kwenye simu.

"Baba, hiyo nyumba ina joto kweli?"

"Kama hamamu, mwanangu. Nimekaa na shati tu."

"Mbona nasikia meno yanagongana?"

"Ni donge la sukari natafuna. Nakunywa chai."

"Sukari gani inayotetemeka? Sikiliza, baba. Usiku wa Chele nakuja kuona kwa macho yangu. Nikikuta nyumba baridi, wallahi nakubeba wewe na godoro lako mpaka Tehran, na hiyo nyumba tunaiuza. Sitaki kupigiwa simu na watu kwamba umeganda."

Hakuwa anatania. Usta aliifahamu sauti ile, ilikuwa ya Eshrat mtupu. Na nyumba ya Mahrokh aliwahi kuiona: ghorofa ya sita, dirisha linatazamana na dirisha la watu wengine, na lifti inayomfungia mtu ndani ikijisikia. Aache nyumba aliyoijenga bomba kwa bomba, aende akakae kwenye kochi la mkwe wake Behruz, akitazama televisheni ambayo hawezi hata kuipunguza sauti bila ruhusa? Afadhali agande.

Basi siku ya Chele ikafika. Huo ndio usiku mrefu kuliko yote ya mwaka, na kule haachwi mtu kuukesha peke yake. Watu hujazana kwa mzee wao, wakala tikiti maji na makomamanga, wakapiga soga mpaka watoto walale walipokaa. Asubuhi ya siku hiyo Usta aliteremka kwenye boila na gilasi ya chai, akaanza kuichunguza mitambo yake kwa utaratibu ule ule aliokuwa akiwafanyia wateja.

Boila linawaka, halina neno. Pampu je? Aliweka ncha ya bisibisi kwenye tumbo la pampu na mpini wake sikioni, akaisikia inanguruma vizuri, inazunguka. Bomba la kupanda ghorofani lilikuwa la moto hata halishikiki. Bomba la kurudi, baridi. Maana yake maji yanatumwa lakini hayazunguki. Alifungua chujio, akalikung'uta kutu na matope, akalirudisha. Bado. Akaegemeza sikio ukutani akasikia gulugulu, gulugulu. Hewa hiyo. Imejikusanya juu huko, imeziba njia, na pampu inasukuma bure.

Hilo hakuanza kulijua leo. Kila alipoitoa hewa kwenye rejeta, zilipata moto jioni moja tu, asubuhi baridi imerudi. Tena sindano ya geji ya presha ilikuwa inashuka kila siku, naye kila siku anaongeza maji mapya, na maji mapya yanaingia na hewa mpya. Mtu aliyejifunza kazi hii wiki moja angekwambia maana yake: maji yanapungua kwa kuwa yanavuja, nenda katafute panapovuja. Usta mwenyewe aliwafokea wateja wangapi kwa neno hilo! "Bibi, usinipe habari za majini. Maji hayaendi kutembea. Yanavuja."

Alitafuta, eti. Alipitisha gazeti kavu kwenye kila kiungo jikoni, sebuleni, msalani, chumba cha kulala. Gazeti halikulowa. Kilibaki chumba kimoja, mwisho wa ujia wa ghorofani, cha mwisho kupata maji na ambacho hewa yote hukimbilia: chumba cha cherehani cha Eshrat. Usta alikifunga siku ya arobaini ya msiba, ufunguo akautundika msumarini jikoni, na hakuugusa tena. Doa la maji lilipojitokeza kwenye dari ya jikoni, chini ya chumba hicho hicho, akajitia hamnazo. Alisema ni theluji inayeyuka juu ya paa. Paa liko wapi na dari ya jikoni iko wapi, jamani! Katikati pana ghorofa nzima. Alijua vizuri sana, ila hakutaka kwenda kuona.

Akatoka nje, apate hewa ya kufikiria. Juu ya paa la jirani alikuwapo Nosrat na sepetu lake la mbao, anasukuma theluji. Huyu Nosrat alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu wa sauti kubwa. Mkewe alikwenda Uswidi kumsaidia binti yao kulea kwa miezi mitatu, na sasa mtoto alikuwa anatembea, mke hajarudi.

"Usta! Salaam! Njoo kwangu bwana unywe chai, nimeshawasha."

"Asante ndugu yangu, mkono wako usiumie."

"Aa, njoo, usione haya."

"Nisikusumbue. Nimekwisha kunywa."

"Haya basi." Nosrat akateremka ngazi yake, mlango ukafungwa.

Hapo ndipo penye tabu. Kwa watu wa kule, adabu ni kukataa mara mbili na kukubali ya tatu. Anayealika anajua, anayealikwa anajua, na bila hivyo utaonekana una njaa. Lakini Nosrat amekaa nusu ya maisha yake barabarani, mtu wa haraka, na baridi ya Hamadan haimpi mtu nafasi ya mara ya tatu. Kila siku ndivyo. Na Mahrokh naye, tangu aende Tehran, amekuwa mtu wa mara mbili. "Baba, tuje Ijumaa?" "Msijisumbue." "Kweli?" "Kweli." Simu inakatwa, na Usta anabaki ameikamata mkononi akingoja ya tatu.

Alirudi jikoni, akautazama ufunguo. Saa zilikuwa zinakwenda, na Mahrokh alisema watafika magharibi. Akapiga moyo konde, akautoa msumarini.

Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, ukamlazimu ausukume kwa bega. Ndani kulinuka zulia bichi, na kidogo tu, chungwa. Eshrat alikuwa na kawaida ya kuweka maganda ya machungwa juu ya rejeta ili chumba kinukie. Yalikuwapo bado, yamekauka na kuwa meusi. Cherehani imefunikwa kitambaa chake. Mto wa kiti chake umebonyea pale alipozoea kukaa. Na chini ya koki ya rejeta palikuwa na bakuli, lile lile la siku zote, limejaa pomoni na maji yanafurika kwenye zulia.

Usta akachuchumaa, magoti yakilalamika. Nati ya koki ilikuwa imezungushiwa ukanda wa kitambaa, umekunjwa pindo na kushonwa kwa mkono, kwa uzi mweupe. Mishono ile aliijua. Kando ya ukuta kulikuwa na kanda nyingine za namna hiyo, zimefuliwa, zimekunjwa, zinangoja zamu yao.

Akakaa kitako kwenye zulia bichi bila kujali suruali.

Kumbe Eshrat alijua! Kabla hajaugua, alijua. Koki inavuja, na yeye, mke wa fundi wa rejeta, ambaye angeweza kusema neno moja tu wakati wa kula, alishona vitambaa, akatega bakuli, akawa analimwaga kimyakimya. Usta hakuhitaji kuambiwa sababu. Baridi ile ya mwisho kazi zilimwandama Usta, anarudi jioni mgongo haunyooki. Eshrat akimuuliza, umechoka? anasema, hata kidogo. Yeye akimuuliza Eshrat, kuna kazi hapa nyumbani? anasema, hakuna, wewe pumzika. Kweli? Kweli. Wakalala. Na maumivu ya kifua nayo hakuyasema, mpaka siku aliyoshindwa kupanda ngazi.

"Kwa nini hukusema, mwanamke?" Usta alisema kwa sauti, peke yake. "Spana moja na uzi wa katani! Nisingemaliza hata gilasi ya chai!"

Akalia, mzee mzima, kwa kwikwi, ameshika ile nati kana kwamba itamjibu. Alimkasirikia Eshrat, kisha akajikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu hata yeye hakuwahi kuuliza mara ya tatu.

Halafu akafanya kazi, maana mikono ilikuwa bado inajua. Alizima boila, akafunga maji ya rejeta ile, akafungua nati, akakwangua kutu, akazungusha uzi mpya wa katani, akaupaka mafuta, akakaza. Akapitisha gazeti. Kavu. Sasa ilibaki kujaza mfumo upya na kuitoa hewa, na hiyo si kazi ya mtu mmoja. Lazima mtu awe juu kwenye skrubu na mwingine chini kwenye koki ya kujazia. Yeye alijaribu hivyo hivyo. Alifungulia maji kidogo chini, akapanda ngazi kwa magoti yale, akalegeza skrubu juu, hewa ikaanza kupiga mluzi. Huku nyuma presha ikapita kiasi, na valvu ya usalama ya boila ikafyatuka. Aliposikia kishindo akateremka mbio za kizee, akakuta chumba cha chini kimegeuka bwawa na gilasi yake ya chai inaelea.

Akasimama katika maji yale, viatu vimelowa, amechoka hoi. Kwa mazoea mkono wake ukachukua spana ukagonga bomba mara moja, ko. Akangoja. Juu kulikuwa kimya. Huo upweke ulimkata maini kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi nyumba ilijaa watu.

Alitoka uani kama alivyo, akasimama kwenye ukuta wa jirani.

"Bwana Nosrat! Nosrat!"

Dirisha likafunguka. "Kuna nini? Moto?"

"Hakuna moto, ndiyo shida yenyewe. Njoo unisaidie. Nakuhitaji."

Nosrat akamkazia macho. "Unanitania?"

"Sikutanii."

"Hata sijakuuliza mara moja, Usta! Kweli unaumwa wewe."

"Njoo upesi kabla sijaona haya."

"Dunia imekwisha," alisema Nosrat, na alikuwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja.

Usta akampeleka kwenye boila. "Hii ndiyo koki ya kujazia. Sindano hii isivuke alama nyekundu, ikikaribia unapunguza. Nikigonga bomba mara moja, maji yamefika. Nikigonga mara mbili, unafunga."

"Na mimi nikisikia?"

"Unagonga mara moja, na spana hii."

"Na nikitaka chai?"

"Chai yako ndiyo hiyo inaelea."

Usta akapanda, taratibu safari hii. Akaingia chumba cha cherehani, akasimama pale alipokuwa akisimama Eshrat, akashika bakuli la Eshrat na kijiko chake. Miaka yote alikuwa mtu wa chini; hakuwahi kujua kwamba kutoka hapa juu mtu haoni wala hasikii kitu, anangoja tu. Akalegeza skrubu. Hewa ikatoka kwa mluzi, ikinuka chuma, ikatoka, ikatoka, ikakohoa, ikatema matone meusi, kisha maji yakaja mfululizo. Akagonga: ko.

Akatega sikio kwenye bomba. Huyu dereva amelala au amekwenda zake?

Kisha kutoka chini ikaja, KO! kubwa, ya kugonga tairi la lori, hata maganda ya machungwa yakaruka juu ya rejeta. Usta akaegemeza paji la uso kwenye chuma, akabaki hivyo, bakuli limejaa, maji yanamtiririka mkononi mpaka kwapani. Alikumbuka kugonga mara mbili amekwisha lowa chapachapa.

Waliwasha tena boila, wakangoja. Joto lilifika kwanza sehemu ya juu ya rejeta, likateremka pole pole chini ya kiganja chake, mwisho hata bomba la kurudi likapata uvuguvugu, kisha moto. Sindano ya geji haikucheza. Adhuhuri dirisha la jikoni lilikuwa limefunikwa mvuke, na Nosrat amevua koti anapasua komamanga kama mwenye nyumba. Usta alikuwa amezishusha zile kanda za kitambaa, akaziweka mezani mbele yake.

Simu ikalia. Ni Mahrokh.

"Baba, salaam. Nyumba ina joto?"

"Ina joto, mwanangu."

"Wallahi?"

"Tunatokwa na jasho huku!" Nosrat alidakia kwa sauti ya barabarani.

Mahrokh alishusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Basi moyo wangu umetulia. Sasa baba, mama yake Behruz ametualika sote leo, na njiani kuna theluji. Kama uko salama, basi tungekuja mwezi ujao, barabara ikiwa nzuri. Wala usifikirie tena habari za kuhama, mimi nilikuwa naogopa baridi tu. Au tuje leo leo?"

Ndiyo hivyo. Nyumba imebaki yake, hakuna wa kumbeba wala wa kuiuza. Alichokipigania tangu asubuhi amekipata chote, na kwa sababu amekipata, binti yake haji.

"Msijisumbue, mwanangu," mdomo ulisema wenyewe.

"Kweli, baba?"

Hiyo ilikuwa ya pili. Usta alizitazama zile kanda, zimekunjwa vizuri, mishono yake myeupe imenyooka. Akazishika.

"Si kweli," alisema.

"Umesemaje?"

"Nimesema si kweli, Mahrokh. Mwezi mzima nimekaa kwenye baridi nikikudanganya. Leo nyumba ina joto na sina wa kukaa naye. Kila ukiniuliza kama mje nasema msijisumbue, na kila mara nataka mje, halafu unakata simu. Tangu mama yako aondoke nimekuwa nasema na mabomba. Njooni. Leo mkiweza, kesho msipoweza. Lakini njooni."

Nosrat aliacha kupasua komamanga.

"Baba," Mahrokh alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni, "mimi nilidhani hututaki. Nilidhani ukiniona unamkumbuka mama, ndiyo maana kila siku unatufukuza kwa adabu."

Usta alitikisa kichwa, kana kwamba anaonekana. Kisha akamsikia binti yake anapaza sauti mbali na simu: "Behruz! Toa ile minyororo ya magurudumu! Mama yako mpigie wewe, mwambie tutakula kwake kesho kutwa." Akarudi. "Tutachelewa. Usilale. Na nikikuta umenidanganya kuhusu hilo joto, godoro lako nalibeba."

"Beba," alisema Usta.

Alipanda kwenye chumba cha cherehani na godoro la wageni. Ndicho chumba kilichokuwa na joto kuliko vyote sasa, mwishoni kabisa mwa bomba. Alikunja zulia bichi, akafungua dirisha kidogo unyevu utoke, akamenya chungwa, akaweka maganda mapya juu ya rejeta. Kile kijiko kilikuwa bado pale. Akakichukua, akagonga bomba mara moja, hivi hivi tu.

"Nini tena?" Nosrat alipaza sauti kutoka jikoni.

"Hakuna," alisema Usta. "Endelea tu, usijisumbue."

Kisha akatoka mpaka kwenye ngazi, akainama.

"Nosrat! Njoo bwana, nisaidie kutandika. Wanangu wanakuja."